K.M. Ni Nini?

Herufi mbili, K na M, zimebebeshwa shehena kubwa. Afisini ni Katibu Mkuu. Darasani ni kilomita. Katikati ya sentensi ni kwa mfano. Katika orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, KM ni Komoro. Na mjini Mogadishu, abiria akimtajia dereva KM4, hufikishwa kwenye njia panda mashuhuri iliyopata jina lake kwa hesabu ya kilomita.

Pwani ya Wabajuni yaijua vyema tofauti ya vipimo. Hadi mwaka 1925 Kismayo ilikuwa chini ya Waingereza, waliopima njia kwa maili. Mwaka huo Jubaland ilikabidhiwa Waitalia, wenye kupima kwa kilomita, hali ndugu wa Kiunga na Lamu walibaki na maili kwa miaka mingi. Baharini nako iko maili nyingine, yenye mita 1,852. Nahodha wa Koyama au Chula akiandikiwa "12" bila kipimo hana budi kuuliza, kwa kuwa maili 12 za bahari ni zaidi ya kilomita 22. Akikisia kuwa ni kilomita, atapungukiwa na safari ya kilomita 10, na mafuta ya mashine pia.

Lakini madhara makubwa zaidi yamo katika k.m. ndogo, ile yenye nukta. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, vita vilivyofuata viliwakimbiza Wabajuni wengi hadi Kenya, wakawa watu wa kujaza fomu kila siku. Tuseme fomu yadai "hati ya utambulisho, k.m. pasipoti." Mama aliyetoka kisiwani Chovai na watoto wake akidhani kuwa pasipoti ndiyo sharti, atarudi nyumbani bila kuhudumiwa, ilhali cheti cha kuzaliwa alichokifunga katika leso pengine kingalimfaa. K.m. hutaja kimoja miongoni mwa vingi, haivikatazi vingine.

Yafaa basi kila mwenye kuandika tangazo, fomu au barua aliandike neno zima mara ya kwanza, ndipo alifupishe. Naye msomaji asione haya kumwuliza karani maana ya herufi hizo kabla ya kuondoka dirishani.