Ketuba, Pete na Glasi Iliyovunjwa



Tusomapo habari za arusi ya Kana, huwa tunaharakia maji yaliyogeuka kuwa divai. Juma hili tuitazame arusi ya Kiyahudi yenyewe, kwa jinsi inavyofungwa na watu ambao Papa Yohane Paulo II, alipozuru sinagogi la Roma mwaka 1986, aliwaita ndugu zetu wakubwa.

Maarusi husimama chini ya hupa, kitambaa kilichotandazwa juu ya fito nne, alama ya nyumba wanayoianza. Bwana arusi humvika bibi arusi pete isiyo na kito, ili thamani yake ijulikane wazi, pasiwe na udanganyifu. Kisha husomwa ketuba, hati ya Kiaramu yenye mashahidi wawili. Humo mume hujifunga kumlisha na kumvika mkewe, na hutajwa mali atakayopewa mke akiachwa au akifiwa. Mishna iliweka kima cha chini kuwa zuz 200 kwa mwanamwali na 100 kwa mjane. Hati hiyo hukabidhiwa mke, ikawa yake.

Pengine tutauliza: je, siku ya furaha ndiyo ya kutaja talaka na mauti? Tusikie habari za Babatha. Mwanamke huyu Myahudi, aliyekwisha kufiwa na waume wawili, alikimbilia pangoni karibu na Bahari ya Chumvi wakati wa vita vya Bar Kokhba dhidi ya Warumi, vya miaka 132 hadi 135. Mwaka 1961 wanaakiolojia waliukuta humo mfuko wa hati zake. Ketuba yake ilikuwamo. Katika kukimbiza roho yake, hakuiacha nyuma.

Baada ya ketuba hufuata baraka saba juu ya kikombe cha divai. Mungu husifiwa kwa kuumba tunda la mzabibu na kwa kumwumba mtu kwa mfano wake. Tena huombwa Sayuni ifurahi kwa kurudiwa na wanawe. Mwishoni bwana arusi huikanyaga glasi, ikavunjika. Wengi hueleza kuwa ni ukumbusho wa Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Hata katika kilele cha shangwe, msiba hausahauliwi.

Wapendwa, sisi nasi twamjua mjane anayenyang'anywa shamba na vyombo kabla matanga hayajaanuliwa. Mara nyingi marehemu alimpenda kweli, ila hakuandika neno. Basi wachumba, na hata sisi tulio karibu nao, tusiogope kuyazungumza hayo mapema, tukiwa na amani. Jina la mke na liandikwe penye hati ya nyumba na ya shamba. Upendo uliofikiria siku ya majonzi humlinda mpendwa hata pale mwenye kupenda asipokuwapo tena.

Mungu azibariki ndoa zetu, awafariji wajane wote. Amina.