Stendi Inayolia Usiku

Mama akipiga simu mchana, Anko huzima grainda bila kuambiwa. Hanitazami. Anaiweka chini, anachukua chai yake iliyopoa, anangoja. Mimi natoka hadi nyuma ya choo, ambako kelele za Kaptembwo zinapungua kidogo, na kumwambia Mama kwamba ndio, nimekula, ndio, masomo yako sawa. Siku moja Anko alichelewa na Mama akasikia. "Ni nini hiyo inalia hivyo?" Nikasema wanajenga hosteli mpya.

Nilihepa chuo mwaka wa tatu. Hakuna stori kubwa. Wahadhiri waligoma, nikaja Nakuru kwa Anko kungoja, mgomo ukaisha, wenzangu wakarudi, mimi nikabaki. Nilikuwa na masomo manne ya kurudia, na karo ya muhula ambayo Mama alinitumia kutoka Molo baada ya kuuza viazi. Hiyo karo sikuilipa. Nusu ilienda kwa kodi ya chumba niliyokuwa nadaiwa, na nusu ya pili siwezi kukueleza ilienda wapi, ilienda tu. Hapa nimeandika na kufuta mara nyingi. Anko ni kaka yake Mama. Nilipomweleza, alisema hatamwambia, lakini siku Mama akimuuliza hatadanganya. Mama hajawahi kumuuliza. Kwani nani huuliza kuhusu kitu anachodhani kiko sawa?

Karakana yenyewe ni mabati sita juu ya nguzo nne, nyuma ya nyumba. Mashine ya kuchomelea haikutoka dukani. Ni transfoma iliyosukwa kwa waya wa shaba na fundi mwingine wa jua kali, ikatiwa ndani ya sanduku la chuma, na ukitaka kuisogeza unaita jirani. Ukutani kuna cheti cha serikali cha trade test, Daraja la Tatu, kimefifia kwa moshi. Mwaka 1972, mwaka aliozaliwa Anko, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani jina la "sekta isiyo rasmi". Nilimwambia hiyo stori nikidhani ataifurahia. Akauliza kama ripoti ilisema bei ya rodi itashuka lini.

Usiku naandika makala za kulipwa, mchana namshikia Anko vyuma. Nilianza kwa kushika, nikapandishwa cheo nikawa wa kukata, kisha akaniruhusu kuchoma vitu ambavyo haviui mtu: vishikio vya dirisha, jiko, rafu ya vyungu.

Macho yaliniungua wiki ya pili. Nilikuwa nimevaa miwani nyeusi ya kawaida, ile ya kuuzwa barabarani, kwa sababu nilikuwa nimeona mafundi wengi wakiivaa. Mchana kutwa sikusikia chochote. Saa sita usiku niliamka nikidhani mtu amenimwagia mchanga machoni. Ule mwanga wa rodi unatoa miale ya urujuanimno, ileile ya jua, tena kwa karibu, nayo inachoma ngozi nyembamba ya mbele ya jicho. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, ukiwa ushasahau ulichofanya. Majirani walileta ushauri wao, maziwa, viazi vilivyokwaruzwa. Anko alikataa vyote. Alinipa kitambaa safi chenye maji baridi, akazima taa, na asubuhi akanishika mkono hadi kliniki kama mtoto wa nasari. Baada ya siku mbili nikaona vizuri. Siku hizi navaa maski yenye kioo namba 11.

Halafu ikaja kazi ya Mwalimu.

Mwalimu alistaafu zamani, lakini mtaani hakuna anayemwita jina lingine. Kwake maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo alinunua tangi la lita elfu moja na akataka stendi ya kuliinua mita mbili na nusu, maji yashuke yenyewe hadi jikoni. Ukitaka kujua uzito wa lita elfu moja za maji, ni rahisi: tani moja. Na chini ya hiyo tani wajukuu wa Mwalimu wangekuwa wanacheza kati, maana ndipo penye kivuli.

Anko alichoma miguu na fremu ya juu. Vyuma vya mshazari, vile vinavyozuia miguu isitanuke, alikuwa avifanye kesho yake, lakini akaitwa mazishini. Mimi nikaamua kummalizia. Nilitaka arudi akute kazi imeisha.

Ilikuwa jioni, saa ya watu wote kupika, na stima ilikuwa chini. Taa ya Anko ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Rodi ikawa inaganda kwa chuma kila nikiigusisha, naing'oa, inaganda tena. Nilipoipata ikawaka, ilidondosha chuma juu ya chuma, kama dawa ya meno juu ya mswaki. Nilijua. Chuma huyeyuka karibu nyuzi 1,500, na ili viungo vishikane lazima vyote viwili viyeyuke viingiliane, si rodi peke yake. Pale rodi iliyeyuka, tyubu wala haikushtuka. Ningeweza kungoja hadi usiku, stima irudi. Badala yake nilichukua grainda nikasaga vile vinundu vibaya hadi vikalala sawa, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha nyeusi juu yake. Ilipendeza. Nilipiga hata picha.

Anko aliporudi aliitazama akasema sawa. Tukaipeleka kwa mkokoteni.

Baada ya wiki mbili Mwalimu alipiga simu. Hakulalamika. Aliuliza tu, kwa ile sauti ya darasani, kama ni kawaida stendi kulia usiku.

Tulifika Anko akawaondoa watoto kwanza. Akafungua mfereji wa tangi. Maji yalikuwa yamekuja jana yake, kwa hivyo lilikuwa limejaa, na Mwalimu alitoa kila chombo alichokuwa nacho: mitungi, karai, sufuria, hata kikombe cha kuogea. Yaliyobaki yalimwagika kwenye vumbi huku yeye akitazama. Tangi lilipokwisha Anko alipiga chuma kimoja cha mshazari kwa nyundo. Pigo moja. Kikaanguka.

Vingine akavikata kwa diski, akaniletea kimoja. Ndani palikuwa na mstari mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho, gamba la rodi limekaa katikati kama karatasi. Vyuma viwili havikuwahi kukutana.

Nilingoja anitukane. "Kuchoma vibaya si neno," akasema. "Mimi nimechoma vibaya miaka mingi. Ningeiona, ningekwambia ukate urudie. Lakini wewe ulisaga, ukapaka rangi. Ukanificha mimi, na mimi nikamwambia Mwalimu iko sawa."

Turudi nyumbani, hakusema lingine. Tyubu mpya nilizinunua kwa pesa za makala mbili. Alichoma mwenyewe, nikashika, na akaacha viungo bila rangi siku nzima ili Mwalimu aje avitazame.

Jumanne iliyofuata nilikuwa nashika, Anko anakata, simu ikalia. Anko akapeleka kidole kwa swichi. Nikamwashiria aache. Akanitazama, kisha akainamia chuma akaendelea.

"Bado wanajenga hiyo hosteli?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Hiyo ni grainda ya Anko. Niko Nakuru."

Nilimwambia yote, pamoja na karo. Nilikuwa napiga kelele ili nisikike. Aliuliza swali moja tu, tangu lini, nikamjibu. Akakata simu.

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi matatu ya Molo ilileta gunia la viazi kama kawaida, ila limeandikwa jina la Anko peke yake. Nililibeba mgongoni kutoka stendi. Anko alitaka kujua kama Mama amepiga. Nikasema bado. Akanionyesha kwa kidevu mlango wa chuma uliokuwa ukingoja, akasema leo stima iko sawa.