Ngazi za Montreal Wakati wa Theluji

Ukijaliwa kufika Montreal, Kanada, mwezi wa Januari, msomaji, usijifiche katika njia za chini ya ardhi zilizoanza kujengwa miaka ya 1960, hata kama huko kuna joto. Vaa buti, ukatembee mtaa wa Plateau. Nyumba ni za matofali, nyingi za orofa mbili au tatu, na ngazi za chuma zimejipinda huko nje, barazani! Wajenzi wa kale waliziweka nje ili vyumba vipate nafasi. Theluji ikitanda juu yake, zapendeza ajabu. Lakini mkaaji wa orofa ya juu hurauka na beleshi. Barafu ikiganda, tarishi wa posta aweza kuvunjika nyonga. Nawe ukipanda, shikilia chuma, tena kwa glavu.