Magadi si Chumvi: Bahari Ndani ya Kioo Mjini Nakuru

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Nakuru, Molo au Gilgil hukutana na bahari kwanza kitabuni. Huyajua mawimbi, ngalawa na matumbawe kwa kuyakariri, na huweza kuyatumia katika insha pasipo kukosea hata upatanisho mmoja wa kisarufi. Hata hivyo, akiulizwa iwapo tumbawe ni jiwe, mmea au mnyama, aghalabu husita.

Mwalimu mmoja kijana wa shule ya upili viungani mwa Nakuru aliuhisi upungufu huo kila alipofundisha msamiati wa pwani. Akaazimia kuunda bahari ndogo nyumbani kwake, ndani ya tangi la kioo la lita 200, ili wanafunzi wake wapate kuona kile walichokuwa wakikitaja. Wazo lake la kwanza lilikuwa jepesi: Ziwa Nakuru li karibu, na maji yake hayanyweki kwa chumvi. Mamaye, aliyezoea kulainisha maharagwe kwa magadi, ndiye aliyemzindua.

"Hiyo si chumvi, mwanangu. Hayo ni magadi. Wewe ungeyatia kwenye mchuzi badala ya chumvi?"

Waama, lugha ilikuwa imekwisha kutenganisha vitu viwili ambavyo msomi alivichanganya. Lita moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Sehemu kubwa ni chumvi ya kawaida ya mezani, lakini imo pia kalsiamu, ambayo matumbawe huitumia kujijengea mifupa. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, Elementaita, Bogoria na Magadi yenyewe, yana hulka nyingine. Katika kipimo cha pH bahari hukaribia 8, ilhali maziwa hayo yanaweza kufikia 10, na kalsiamu ndani yake ni haba mno. Samaki aliyestawi Nakuru ni tilapia mdogo wa Ziwa Magadi, aliyehamishiwa huko katika miaka ya 1950 na 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu. Alipozaana, ndege wala samaki kama mwari waliongezeka. Samaki huyo ni mzawa wa magadi. Mwenzake wa baharini angekufa humo.

Maji ya kisima nayo yalikuwa na dosari. Visima vingi vya eneo hilo vina floraidi nyingi, ile ile inayoyatia meno ya wenyeji rangi ya kahawia. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati huweza kubeba zinki, ambayo ni sumu kwa viumbe wengi wa baharini wasio na uti wa mgongo. Hivyo mwalimu alilazimika kununua chujio, kisha akayeyusha kilo saba za chumvi maalumu ya bahari. Meza ya sebuleni haikufaa, kwani maji peke yake yalikuwa na uzito wa kilo 200. Upepo mkavu ulipoyapunguza maji, alijifunza kuongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu maji huwa mvuke na chumvi husalia.

Isitoshe, Nakuru imeinuka kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja katika tano. Samaki wa mwambani huhitaji joto la nyuzi 24 hadi 27 za selsiasi, nao usiku wa Julai Nakuru hauna huruma. Umeme ukikatika, pampu na kipasha joto hunyamaza kwa pamoja. Betri ikawa ya lazima kabla ya samaki yeyote kuletwa.

Wanafunzi walipozuru, walikuta maji na mawe matupu.

"Mwalimu, samaki wako wapi?"

"Maji hayajaiva," akawajibu.

Hakuwa akifanya mzaha. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huua. Sharti bakteria wasioonekana kwa macho wazaane kwanza juu ya mawe. Baadhi huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi. Kila Jumamosi wanafunzi wawili walipima maji na kuandika daftarini. Amonia na nitriti zilipotoweka, ndipo samaki wawili wadogo waliponunuliwa kwa mfanyabiashara wa pwani mwenye leseni.

Lilibaki swali la matumbawe hai, ambayo ndiyo yaliyoianzisha safari yote. Tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo ambao miilini mwao huishi mwani unaowalisha kwa nguvu za mwanga. Ndiyo maana tangini huhitaji taa kali na za gharama. Aina nyingine hukua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Mwalimu aliyatafakari hayo, akaona si haki kiumbe wa namna hiyo ang'olewe mwambani ili aje kujaribiwa na mwanagenzi.

Fedha za taa akazitenga ziwe mwanzo wa nauli ya darasa hadi Malindi, ambako matumbawe yamehifadhiwa katika mbuga ya baharini tangu 1968. Tangi limebaki na samaki wake wawili, na daftari la Jumamosi lingali linaandikwa.