Tembe wa Chatsworth na Saa ya Kiswahili

Safari hii sitaandika habari za vibali wala za nauli. Nitaandika habari za kuku, kwa sababu mwaka 2023 kuku sita walizua mjadala nyumbani kwetu, na mjadala wenyewe ukafika hadi Tanga kwa simu.

Sisi tunakaa Bayview, huku Chatsworth. Mwezi wa Aprili mwaka huo tulinunua tembe sita wa aina ya Potchefstroom Koekoek, kuku wa mistari myeusi na myeupe. Aina hii ilizalishwa hapa hapa Afrika Kusini, katika chuo cha kilimo cha Potchefstroom, miaka ya 1950. Kwa vijana wetu waliokulia ghorofani, tembe ni kuku jike aliyekwisha kukua lakini hajaanza kutaga. Akianza huitwa mtetea. Jogoo hatukununua. Nyumba za hapa zimebanana, na yai la kula halihitaji jogoo. Jogoo ni kwa anayetaka vifaranga.

Aliyetuuzia alisema wameanguliwa mwishoni mwa Januari. Kuku wa aina hii hutarajiwa kutaga wakifika siku 130 hivi, basi mke wangu akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akaizungushia duara wiki ya kwanza ya Juni. Wiki ikaja, ikapita. Juni nayo ikaisha. Kiota tulichokitandikia nyasi kilibaki kitupu. Wakati huohuo mke wangu alikuwa amepunguziwa saa kazini, na mfuko wa chakula cha kuku ulikuwa unakwisha mbele ya macho yetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mke wangu akasema, "Wageni hawa wana mwezi mzima, na jembe hata kulinusa hawajalinusa."

Nikampigia mama. Mama amefuga kuku tangu sijazaliwa, kuchi na kishingo, na hakuna kitabu kilichomfundisha. Akauliza maswali yake: upanga wa kichwani umekuwa mwekundu? Ukimwekea mkono mgongoni anachuchumaa? Nikamjibu kwamba upanga bado umepauka, na ukinyoosha mkono wanatimka mbio. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kwa umri huo hao si wa mayai. Pika pilau." Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yetu kuwapokea wenzetu wa chama cha kusaidiana. Kisu kikanolewa.

Aliyewaokoa ni mzee jirani. Yeye ni wa jamii ya Wazanzibari wa Durban. Wazee wao, wengi wao Wamakua, waliokolewa na manowari za Uingereza kutoka majahazi ya biashara ya watumwa, wakaletwa Durban kuanzia mwaka 1873. Waliishi King's Rest, upande wa Bluff, mpaka sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Alinikuta jioni ile nikiwachagua tembe wa kuanza nao. Akatazama upande wa magharibi, jua limeshazama, akaniuliza ni saa ngapi. Nikaitazama saa yangu, nikaisoma moyoni kwa Kiswahili kama ilivyo desturi yangu: saa kumi na moja na dakika kumi.

"Kwenu jua huzama saa hizi?" akauliza.

"Hata siku moja, mzee."

"Basi waache. Tembe wanaopevuka kwenye baridi husubiri Agosti."

Ndugu zangu, sisi tumelelewa na saa inayofuata jua. Tanga jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na kuzama karibu na saa kumi na mbili, na mwaka mzima tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Durban iko karibu nyuzi 30 kusini ya ikweta. Mwishoni mwa Juni mchana una saa 10 na robo hivi. Mwishoni mwa Desemba unafika saa 14. Kuku hahesabu wiki peke yake. Mwanga hupenya fuvu lake hadi kwenye ubongo, hata kuku kipofu huuhisi, na mchana ukirefuka ubongo huamsha homoni za kutaga. Wafugaji wakubwa huwasha taa bandani. Kwetu sisi mwaka ule, pamoja na makali ya mgawo wa umeme, taa ya kuku ingekuwa mzaha.

Kwa hiyo mama hakukosea. Yeye alihukumu kwa jua la Tanga. Wageni wetu walikula pilau la ng'ombe.

Mwanzoni mwa Agosti panga zikaanza kuwa nyekundu. Mmoja akaanza kuchuchumaa nikimgusa, kisha akawa anazunguka uani akitetea, akichungulia kila ndoo. Yai la kwanza tulilipata tarehe 14, dogo, la rangi ya chai ya maziwa, na alama ya damu kwenye ganda. Msishtuke mkiona hivyo. Mayai ya mwanzo mengine huwa hayana kiini, mengine yana viini viwili, mengine ganda lake ni laini kama ngozi. Ganda peke yake humchukua kuku saa 20 hivi kulijenga, na hulijenga kwa chokaa. Ndiyo maana akianza kutaga hubadilishiwa chakula, akawekewa na maganda ya chaza yaliyopondwa.

Septemba homa ya mafua ya ndege iliua mamilioni ya kuku nchini, mayai yakaadimika, na baadhi ya maduka yakaweka kikomo cha mayai kwa kila mteja. Sisi tulifunika ua kwa wavu ili ndege wa porini wasije kula sahani moja na kuku wetu. Kufikia Oktoba tulikuwa tunaokota manne au matano kwa siku. Mke wangu aliuza yaliyozidi, na mzee jirani alipata sita kila Ijumaa bila kulipa.

Mama nilimweleza habari ya jua. Alicheka, akasema, "Kumbe huko hata jua lina ratiba ya wazungu!" Sasa kila nikipiga simu, baada ya salamu hunitaka kwanza nimwambie limezama saa ngapi, ndipo aulize mayai mangapi.

Mlioko Oslo na Toronto, ambako mchana wa Desemba ni mfupi kuliko wetu wa Juni, tuandikieni: tembe wenu huanza lini?