Pumzi ya Kwanza

Kila elimu ina mlango wake, na mlango wa muziki una adha ya peke yake. Mtoto ajifunzaye kuandika hukosea kimyakimya katika daftari. Ajifunzaye kupiga chombo hukosea mbele ya kila mwenye masikio.

Mpwa wangu, msichana wa miaka 9, anakaa Salama, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa. Chombo chake cha kwanza ni rekoda, filimbi ambayo mtaala uliofika Gredi ya 4 mwaka 2020 uliitia katika masomo ya watoto wa Kenya. Ina matundu saba mbele, na moja nyuma la kidole gumba. Siku ya kwanza aliipuliza kama apulizaye moto wa kuni mbichi; ikapiga ukelele hata kuku wakatawanyika uani.

"Mjomba, filimbi hii ni mbovu," alilalamika.

"Filimbi ni nzima," nilimjibu. "Pumzi yako ndiyo yenye haraka."

Hilo ndilo somo la kwanza. Rekoda haitaki nguvu. Hutaka pumzi nyembamba, kama ya mtu apozaye uji kijikoni. Mkono wa kushoto hukaa juu. Kidole gumba na cha shahada hutoa sauti iitwayo B. Ukiongeza cha kati, A. Ukiongeza cha pete, G. Tundu lisipozibwa sawasawa, sauti huharibika.

Jioni ya tatu majirani walinung'unika, na mama yake akataka kuifungia filimbi kabatini.

"Dada," nilimwomba, "mpe nusu saa kila jioni nyuma ya nyumba, na mtu asimcheke."

Alikubali shingo upande. Baada ya majuma mawili zile sauti tatu zilisimama kila moja mahali pake, na mama mwenyewe akawa anazingoja.

Mtoto ajifunzaye ngoma katikati ya wapigaji wengi, makosa yake humezwa na mdundo wa wenziwe. Mwenye filimbi nyumbani yu peke yake, na kosa lake husikika lote. Basi wewe mwenye ndugu mdogo, ukimsikia akikosea, zuia kicheko chako. Mlio mbaya huponywa na mazoezi. Lakini mtoto aliyechekwa huweza kukiweka chombo chini asikiinue tena.