Harlem Walivyomtafutia Kila Mgonjwa Binamu

Ndugu zangu wa nyumbani,

Leo nawaandikia juu ya kazi ya mshahara ya huku New York ambayo kwetu huachiwa shemeji na binamu.

Mnajua inavyokuwa mtu akiambiwa uvimbe wake una shaka. Ukoo mzima unaulizana: nani ana mtu Ocean Road, hospitali ya saratani? Anapatikana binamu aliyesoma na nesi. Ndiye anayefuatilia majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa, ndiye anayejua dirisha la malipo na siku ya kliniki. Asiye na binamu wa hivyo huikunja karatasi ya rufaa, akaiweka chini ya godoro.

Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi wengi hapa mjini, nako magodoro yalijaa karatasi. Daktari mpasuaji Harold Freeman alipitia majalada ya wagonjwa 606 wa saratani ya matiti waliotibiwa katika Hospitali ya Harlem hadi mwaka 1986. Karibu nusu walifika ugonjwa umeshakomaa. Waliofikisha miaka mitano walikuwa asilimia 39. Vipimo vya bure au vya bei nafuu vilianzishwa, na mwaka 1990 akaweka waelekezi wa wagonjwa, watu wanaoujua mtaa. Kwa waliotibiwa kati ya 1995 na 2000, asilimia ilifika 70. Sifa si za waelekezi peke yao, vipimo navyo vina fungu lao. Ila kipimo bila mtu wa kufuatilia majibu ni karatasi nyingine tu.

Mwelekezi hatibu. Anapiga simu, anajaza fomu za bima, anatafuta usafiri, mkalimani, hata wa kubaki na watoto. Kazi yake ina mwanzo na mwisho: tangu shaka ionekane hadi matibabu yakamilike. Wakubwa wakishaanza kumpa na mafaili ya mapokezi, basi, mpango umekufa (na hili hutokea sana). Mimi ningewapima kwa siku zinazopita kati ya majibu na dawa ya kwanza. Idadi ya simu zilizopigwa hainiambii kitu.

Mipango mingi iliishi kwa misaada, msaada ukiisha nayo inafungwa. Tangu 2024 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inailipia kazi hii.

Kwetu, mwelekezi wa kwanza nisingemweka Ocean Road. Ningemweka hospitali ya wilaya, palepale rufaa inapoandikwa, maana aliyefika Ocean Road ameshafika.